Re: Thamani zinazorejeshwa na amri za U-Boot: niandike nini?

Mkuu, umeuliza kama kila ukurasa wa hati za amri za U-Boot (programu inayowasha kifaa na kupakia mfumo endeshi) ulazimike kutaja thamani inayorejeshwa, hata pale ambapo "inajulikana tu". Ndiyo, kila ukurasa. Anayeandika skripti hana muda wa kufungua kodi ya C ili ajue `$?` (kigezo kinachoshika matokeo ya amri iliyotangulia) itakuwa na nini.

Sentensi iwe ileile kila mahali: `$?` ni 0 (kweli) amri ikifaulu, 1 (si kweli) ikishindwa. Usibuni maneno mapya kwa kila amri, msomaji atadhani kuna tofauti. Amri ya `echo` hurejesha 0 daima. Sema hivyo, yatosha.

Penye kazi ni `bootm` na `booti`, amri za kuwasha kernel (kiini cha mfumo endeshi). Zikifaulu, kernel inashika usukani na hakuna anayerudi kusoma `$?`. Kwa hiyo andika kwamba amri hairudi ikifaulu, na ikirudi ujue kuna kilichokwama.

Kabla ya kuandika, pitia kodi yenyewe. Mtu akirejesha kosa la ndani moja kwa moja, tuseme `-EPERM` (huna ruhusa), hiyo ni -1, sawasawa na `CMD_RET_USAGE`, alama ya kwamba amri imeandikwa vibaya. Mtumiaji amenyimwa ruhusa, skrini inamwagia maelezo ya matumizi kana kwamba amekosea kuandika amri! Nimewahi kupoteza jioni nzima hapo. Badilisha kwanza iwe `CMD_RET_FAILURE` (amri imeshindwa, yaani 1), ndipo uandike hati. Ukiandika hati ya kosa, umelihalalisha.