Vipimo ni safi, lakini anasema si mwanamke wala mwanamume

SWALI: Mimi ni ssenga, yaani shangazi anayemfunda msichana kabla ya ndoa, naishi Jinja, Uganda. Binti wa kaka yangu, miaka 20, aliletwa kwangu nimfunde. Akaniambia yeye si mwanamke wala mwanamume. Hospitalini walimpima homoni na kumpiga picha ya tumbo, wakasema yuko sawa. Kama si huntha, je, ni ugonjwa wa akili?

JIBU: Ssenga, vipimo vile vilijibu swali ambalo yeye hakuuliza. Uhuntha ni wa mwili: kromosomu, homoni au viungo vya uzazi vilivyokua tofauti na ilivyozoeleka. Yeye anazungumzia utambulisho wa jinsia, yaani anavyojijua nafsini mwake, na huo hausomeki kwenye damu. Hata wako hausomeki. Anampenda nani ni jambo la tatu, tena mbali na haya mawili.

Ugonjwa wa akili? Hapana. Katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 2022, ICD-11, mtu kutopatana na jinsia aliyoandikiwa alipozaliwa hakumo tena kwenye sura ya magonjwa ya akili.

Tukisema jinsia ni wigo, wengi huwaza mstari mmoja, nonbainari (mtu asiyejitambua kuwa mwanamke tu wala mwanamume tu) akiwa katikati. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Mmarekani Sandra Bem alitengeneza dodoso lililopima uanaume na uanamke kila kimoja peke yake. Mtu aliweza kupata alama nyingi kotekote, au chache kotekote. Yeye alipima tabia, si utambulisho, lakini mantiki inasaidia: nonbainari mmoja hujihisi vyote viwili, mwingine hajihisi chochote, mwingine hubadilika. Kwa hiyo muulize wa kwenu maana yake ni ipi. (Na Buganda mbejja, binti wa kifalme, huitwa "ssebo", yaani "bwana", bila mtu kushangaa. Hicho ni cheo, si unonbainari, ila nafasi ya kiume haikufungwa kwenye mwili tu.)

Kuhusu sheria: ile ya Uganda ya kupinga ushoga iliyotiwa saini Mei 2023 haikufanya utambulisho peke yake kuwa kosa, na kifungu kilichowalazimu watu kuripoti kilifutwa na Mahakama ya Katiba Aprili 2024. Hata hivyo majirani hawasomi vifungu. Siri yake ibaki kwako.

Mipango ya ndoa isimame kwanza. Akikosa usingizi, akiacha kula au akigusia kujidhuru, mpeleke kwa mwanasaikolojia mara moja, atibiwe huzuni, asipelekwe "kunyooshwa".