Solo lisilonitoka: Masasi 1999, waya wa kwanza ulipokatika

Wakuu salaam. Mleta mada ameuliza ni solo gani la gitaa tulilisikia kwa masikio yetu, mpigaji akiwa mbele yetu, ambalo mpaka leo halijatutoka. Wengi mmetaja magwiji, na mna haki. Mimi nawapeleka Masasi, Oktoba 1999, kwenye ua wa makuti nyuma ya baa moja, na bendi iliyotoka Dar na lori.

Vijana wa sasa wanaopanda basi asubuhi Mtwara na jioni wako Mbagala hawaijui ile safari. Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003. Kabla ya hapo Rufiji unaivuka kwa pantoni pale Ndundu, halafu unakula vumbi na mchanga, na mvua zikianza ndiyo basi tena, watu walikuwa wanalala njiani. Kwa hiyo bendi za Dar zilikuwa na mwanya mdogo tu wa kuja kwetu: korosho zimeanza kulipwa, mvua bado. Oktoba, Novemba, basi. Mkulima ana hela mfukoni na barabara inapitika. Bendi ikiingia kwenye mwanya huo inapiga mpaka alfajiri, maana watu wamesubiri mwaka mzima.

Nilikuwa kidato cha pili. Mjomba ndiye aliyekodisha jenereta, na mjomba kwetu akisema kitu kimesemwa, kwa hiyo mama hakuwa na la kupinga aliponichukua nikasaidie kubeba madumu ya dizeli. Ndivyo nilivyoingia bila kiingilio.

Mchana ule mpiga solo alimwomba mama ntilie maji ya moto. Nikadhani anataka chai. Akafungua begi la gitaa, akavua nyuzi tatu nene, akazikunja kama pete na kuzitumbukiza kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa. Baada ya dakika chache maji yakawa na utando wa kijivu juu. Akanionyesha: nyuzi nene zimezungushiwa waya mwembamba, na katikati ya ile mizunguko ndimo jasho na uchafu wa vidole vinamojificha, ndiyo maana sauti inakuwa butu. Ukizichemsha zinatapika ule uchafu na mlio unarudi kwa siku mbili tatu. Nikamuuliza mbona zile nyembamba hazichemshi. Akasema nyembamba ni chuma kitupu, hazina pa kuficha uchafu, zikichoka zimechoka. Akaupitisha kidole waya wa kwanza, ule mwembamba kuliko yote, polepole, akanyamaza. Hakuwa na wa akiba. Nyuzi enzi hizo zilikuwa Dar, huku kwetu huzioni dukani.

Sasa usiku. Wimbo wa dansi, kwa wasiojua, una vipande viwili. Mwanzo unaenda taratibu, waimbaji wanatoa kisa chao, magitaa yanawafuata kwa adabu. Halafu linakuja chemko: mwendo unakaza, tumba zinapanda juu, uwanja unakuwa wa magitaa. Hapo ndipo watu wanaacha meza.

Ilikuwa kama saa nane. Chemko limekolea, yule bwana yuko juu kabisa ya shingo ya gitaa, ana kipande kifupi cha sauti sita hivi, anakirudia rudia na kila akirudia anabadilisha kitu kidogo mwishoni. Rizimu, lile gitaa linaloshika mwendo, chini yake inakata kama mashine ya kusaga. Wa tatu, wa sekondi solo, yaani gitaa linaloitikia solo, kijana mwenye gitaa lililopakwa rangi ya bluu ya mlango, anajibu katikati. Mimi nimesimama ubavuni, mita mbili tu, natazama vidole.

Waya wa kwanza ukakatika. Nilisikia mlio kama wa mjeledi, nikaona kipande cha waya kinamning'inia mkononi.

Hebu fikirini. Sauti uliyokuwa unaipata kwenye waya wa kwanza utaipata pia kwenye waya wa pili, ila lazima upande vituo vitano zaidi, yale mabati yanayokatiza shingo, kuelekea tumboni mwa gitaa. Yeye tayari alikuwa juu, shingo inamwishia. Hakuwa na pa kwenda. Na bahati ilikuwa ni gitaa la kawaida. Lingekuwa na ule mkono wa kutikisa nyuzi, waya mmoja ukikatika mingine yote ingepotea sauti palepale.

Hakusimama hata pigo moja. Kipande kilekile akakishusha chini, kwenye zile nyuzi nene alizozichemsha mchana, kikawa kizito, kama mtu mzima ameingia kwenye mazungumzo ya watoto. Na yule kijana wa gitaa la bluu, bila kuitwa, bila kutazamwa, akapanda juu akaichukua nafasi iliyoachwa wazi. Wakabadilishana. Swali likawa jibu na jibu likawa swali. Wa rizimu aligeuza shingo kidogo, akatabasamu, mkono haukuyumba. Nadhani walienda hivyo dakika nne au tano. Wachezaji wengi hawakujua kuna kitu kimetokea, walijua tu kwamba limekuwa tamu kuliko lilivyokuwa. Mama mmoja alikuja mbio na noti, akambandika mpiga solo kwenye paji la uso, akarudi kucheza. Machozi yalinitoka wakuu, na sijui niseme nini zaidi.

Kuanzia hapo nikataka gitaa. Nilipohamia Mtwara nimepiga rizimu miaka saba kwenye bendi ndogo ya harusi, Shangani, Chikongola, hadi Mikindani huko, na ndipo nilipoelewa nilichokiona Masasi. Watu wanalitazama solo kama mali ya mtu mmoja. Kwenye dansi letu si hivyo. Mpiga solo anaweza kuthubutu kwa sababu kuna watu wawili wamemshikia sakafu. Rizimu ikilegea, hata uwe na vidole vya dhahabu utasikika kama unatafuta ufunguo gizani. Kwa hiyo ukiniuliza solo tamu, nitakuuliza kwanza nani alikuwa rizimu.

Mtu mmoja hapo juu ameandika kwamba rekodi za zamani za redio zisihesabiwe kwa kuwa ni za studio. Hapo naomba nipinge kwa nguvu. Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa inaiingiza bendi nzima chumba kimoja, wanapiga kwa pamoja kuanzia mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Hakuna kurudi kesho kubandika solo juu ya muziki uliokwisha kurekodiwa. Unachokisikia ndicho mkono ulichokitoa dakika ile. Hilo kwangu ni laivu, limekosa watazamaji tu. Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari Mombasa, mimi sijazaliwa, lakini namjua mkono wake kupitia rekodi hizo: anaimba, anamaliza mstari, gitaa lake linaumalizia mstari kwa maneno ambayo mdomo haukuyasema. Na bendi ya Mlimani Park ya miaka ya mwanzo, baada ya kuundwa 1978, jaribuni kusikiliza kwa spika mbili zilizo sawa, mfuate gitaa moja moja. Utamfuata wa solo, utashtukia umehamia kwa sekondi bila kujua umevuka wapi. Mzee Said Mabera, mpiga solo wa bendi ya Msondo, naye, yule ni wa kusikilizwa ukiwa umekaa chini.

Kijana wangu aliwahi kuniletea kwenye simu ile video ya Prince, yule mwanamuziki wa Marekani, New York 2004, usiku wa kumuenzi George Harrison, mpiga gitaa wa Beatles, akisema baba hapa hakuna wa kumfikia. Ni kweli lile solo ni la ajabu, mtu anapiga dakika tatu, anajiachia kinyumenyume juu ya watu, mwisho anarusha gitaa hewani na huoni linapoangukia. Nikamwambia rudisha, sasa usimtazame Prince. Mtazame Tom Petty, mwanamuziki mwingine wa Marekani, na wenzake nyuma: wanazunguka mzunguko uleule, hawaongezi kitu, hawapunguzi. Mtazame mtoto wa Harrison mwenyewe, Dhani, gitaa mkononi, amejaa tabasamu. Ni tabasamu lilelile la yule wa rizimu wa Masasi. Kijana akaitazama mara tatu.

Asubuhi ile bendi ilipakia vyombo mapema kuwahi Nachingwea. Mpiga solo alikuwa amezungukwa na watu, kila mtu anamshika mkono, nami nikajipenyeza nikamshika. Yule wa gitaa la bluu alikuwa peke yake nyuma ya lori anafunga turubai. Nilimpita. Miaka yote hii nikipiga rizimu namkumbuka yeye kuliko mwenzake, na sikumpa hata mkono. Kama kuna mtu humu alikuwa Masasi msimu ule, au alikuwa kwenye bendi hiyo, gitaa la bluu la mlango, shati jeupe, kijana mwembamba: naomba aniandikie jina lake.