Re: Babu alizaliwa Kondoa 1938, je, alipata uraia wakati wa Uhuru?

Salaam ndugu. Umesema wazazi wa babu walitoka Yemen. Basi anza na wao, si yeye. Tarehe 9 Desemba 1961, mzaliwa wa Tanganyika aliyekuwa raia wa Uingereza na Makoloni, au mwenye hadhi ya kisheria ya mtu anayelindwa na Uingereza, aligeuka raia moja kwa moja endapo angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa Tanganyika. Vinginevyo ilibidi aombe kuandikishwa, kwa hiyo tafuteni cheti chake cha kuandikishwa.

Sisi Mpwapwa tulihangaika hivyohivyo kuhusu bibi. Kilichotuokoa ni cheti cha ubatizo cha mama yake, kimekunjwa mara nne ndani ya sanduku la bati, wino umefifia lakini jina la kijiji linasomeka. Pekueni masanduku ya wazee kabla hamjaenda Uhamiaji, tafadhali.