Sauti ya televisheni ya zamani

SWALI: Televisheni yangu ya kichogo haina tundu la kutolea sauti, na spika yake inakoroma. Nina dekoda, na redio yenye AUX (tundu la kupokea sauti kutoka chombo kingine). Niunganishe vipi? (Msomaji, Kadutu, Bukavu)

JIBU: Ndugu msomaji, chukua sauti kwenye dekoda. Plagi ya njano, ya picha, ibaki palepale; matundu mekundu na meupe ya dekoda, ya sauti, yapokee waya wenye pini ya milimita 3.5 upande wa redio. Sauti ya dekoda ipandishe karibu na mwisho, upunguzie kwenye redio. Ukifanya kinyume utasikia mvumo mwingi. Fundi asichomelee waya kwenye spika ya ndani: chasisi (fremu na saketi za ndani) za televisheni nyingi za kichogo zimeungana na umeme wa nyumba, na volti 220 zinaweza kufika mpaka kwenye redio.