Jibu: Udhaifu na ustahimilivu si kinyume tu

Ndugu yangu, umeuliza kama kuwa dhaifu mbele ya majanga ni kinyume tu cha ustahimilivu. Kwa maoni yangu hapana, ingawa vinagusana.

Mchukue mama anayelima mwani Mlingotini, Bagamoyo. Maji ya kupwa yakipata joto sana, kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri, hupauka matawi, hulainika, kisha hukatika. Unainua kamba iliyofungwa mwani, tupu. Spinosamu, aina nyingine, huvumilia zaidi, ila bei yake ni ndogo.

Mwaka 2001 IPCC, jopo la kimataifa la tabianchi, lilieleza udhaifu kwa mambo matatu. Kwa mama huyu, joto kumfikia shambani ndilo la kwanza. Kotonii kuharibika upesi, la pili. La tatu ni uwezo wa kujirekebisha: je, anaweza kuhamishia kamba kwenye kina kirefu? Huko kunataka chombo na kujua kuogelea, na kina mama wengi wa pwani hawakufundishwa. Hili linaniuma kweli, maana hapo tatizo si la bahari tena, ni letu.

Dhana ya ustahimilivu ilianzia kwa wanaikolojia, wachunguzi wa viumbe na mazingira yao. Mmoja wao, Holling, mwaka 1973, aliutazama kama uwezo wa mfumo kumeza msukosuko bila kugeuka kitu kingine. Mfano, matumbawe yalipopauka kwa joto la bahari mwaka 1998, mengine yalirudia uhai, mengine yakabaki kifusi.

Ila usiusifu ustahimilivu bila kuuliza wa nini. Hata umaskini hustahimili: mama akikopa kamba kwa mnunuzi yuleyule kila msimu, mfumo umesimama imara, yeye bado dhaifu.