Barua kwa mwanangu: 21 ya Moshi isubiri kwanza

Marahaba baba. Huku wote wazima, mvua za vuli ndo zinajivuta tu. Ujumbe wako nimeusoma jana usiku nikaona nisikujibu kwa voice maana ningeongea mpaka bando liishe, acha niandike. Umesema umeanza kukimbia mwezi huu, ukianzia Daraja la Tanzanite hapo Dar hata ufukwe wa Coco hujafika pumzi zimekata na kichomi kimekukaba ubavuni, afu wenzako wa ofisini wanakusukuma mlipie wote kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon huku Moshi hiyo Februari, unauliza mama nitaweza kweli au nianze na ile ya 5.

Anza na 5. Hiyo 21 utaikuta mwaka unaofuata, haihami.

Najua utanuna, wenzako wataweka picha na medali kubwa we una kamedali kadogo, lakini hao wenzako hawajakwambia njia ilivyo. Mnaanzia pale Chuo cha Ushirika, mjini mnaenda vizuri tu, watu wanacheka, wanapiga selfi, afu mnashika barabara ya Mweka na hapo ndo shughuli. Ni mlima baba. Sio ule wa kukutisha kwa macho, ni ule wa polepole usioisha, unakata kona unaona migomba na kahawa unajisemea sasa itatulia, haitulii, watoto wamejipanga pembeni wanakushangilia na we hata mkono wa kuwapungia huna. Mkigeuza sasa wengi wanadhani wamepona, wanaachia miguu iteremke inavyotaka, kumbe mteremko ndo unaochana mapaja, Jumatatu yake utawaona mjini hapa watu wazima wanashuka ngazi kinyumenyume wameshikilia ukuta. Na Februari yetu unaijua lile jua. Mtu ambae Coco hajafika aende kutafuta nini Mweka?

Sasa hilo la pumzi. Mapafu yako hayana shida, mbio zako ndo zina shida, unakimbia kama mtu anaefukuzwa na mbwa. Baba yako alivyokua akiwasimulia Filbert Bayi, Christchurch mwaka 1974, alivyotoka mbele toka mwanzo wa mita 1,500 mpaka mwisho akavunja rekodi ya dunia, mimi nilikua nasikia jikoni nacheka, maana we na kaka yako mlikua mnatoka hapo nje mnachomoka kasi afu mkifika kwa jirani mmelala chini. Yule alikua Bayi. We muige Alphonce Simbu wetu wa marathoni, Tokyo Septemba 2025, hujamuona? Alitulia kwenye kundi kilomita zote zile, amekuja kumpita Mjerumani kwenye hatua za mwisho kabisa, wote wakaandikiwa saa mbili dakika 9 na sekunde 48, ikabidi picha ndo iamue, Tanzania tukapata dhahabu yetu ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha. Na huyo ndo analipwa kukimbia, we unaharakia wapi?

Fanya hivi. Kimbia dakika moja, tembea mbili, rudia mpaka nusu saa iishe, basi nenda kaoge. Kukimbia kwenyewe kuwe kwa mwendo ambao ungeweza kunipigia simu ukanipa umbea wote wa ukoo bila kuhema, ukiona sentensi inakatika katikati punguza, hata kama mama mjamzito anakupita kwa miguu. Wiki inayofuata kimbia mbili tembea mbili, ukiona wiki hiyo imekua ngumu irudie, hakuna mtu anakudai. Siku tatu kwa wiki zinatosha na katikati pumzika, maana pumzi zinazoea haraka ila mifupa na mishipa inachelewa, ndo unakuta mtu anajisikia fresh anaongeza anaongeza ghafla ugoko unawaka moto hata kukanyaga hawezi. Kichomi kikikushika usikae chini, tembea, toa pumzi yote nje taratibu, kinaachia. Na acha kula chipsi mayai afu baada ya nusu saa unaingia barabarani, nakujua.

Kabla ya yote kapime presha. Babu yako unajua alivyoondoka, hiyo kitu ipo kwenye ukoo na we sio mtoto tena. Na ukisikia kifua kinabana au kizunguzungu unasimama hapohapo, hakuna cha kujikaza kiume.

Viatu usiniambie habari za laki tatu. Raba ya mtumba nzuri inatosha kabisa kuanzia, mi zangu zote nachagua soko la Memorial hapa Moshi, ila kua makini, igeuze uangalie soli, kama kisigino kimelika upande mmoja iache hata kama juu inang'aa, hiyo imeshachukua mwendo wa mtu mwingine. Ikunje katikati, ikikunjika kama kandambili iache pia. Vaa na soksi utakayokimbilia, mbele ibaki nafasi ya dole gumba maana mguu unavimba, ikibana kucha zitageuka nyeusi zidondoke. Dar na hilo joto toka alfajiri, saa kumi na mbili kasoro uwe njiani, na pasipo na njia ya waenda kwa miguu kimbia upande wa kulia uone gari zinazokuja, bodaboda za alfajiri sio za kuaminiwa.

Kuna jambo watu wanaona aibu kulisema na mi ni mama yako nakusema tu. Paka mafuta ya mgando katikati ya mapaja na kwapani, na kwenye chuchu bandika plasta. Usicheke. Nimeona wanaume wanamaliza mbio tisheti ina michirizi miwili ya damu kifuani, jasho na kitambaa vinasugua mpaka ngozi inatoka, akienda kuoga anapiga yowe. Ndo maana pia ile tisheti mpya wanayokupa na namba usiivae siku ya mbio, vaa yako iliyozoea mwili, hiyo mpya utapigia picha baadae.

Kabla ya Februari tafuta ya kilomita 5 hapo Dar, hazikosekani, karibu kila mwezi kuna benki au hospitali inaandaa. Nenda ukajifunze tu fujo zake, foleni ya choo, kubandika namba na pini bila kujichoma, kusimama nyuma kabisa uwaache wenye haraka waende zao, maana ukisimama mbele utaburuzwa na mbio zao na kilomita ya kwanza tu umeisha. Asubuhi yake ndizi moja na chai inatosha, usijaribu chakula kipya. Maji kunywa ukisikia kiu, usijaze tumbo likaanza kucheza kama dumu.

Hao wenzako waambie umekatazwa na mama, nisingizie mimi, wakibisha nipe namba zao. Februari njoo ulale nyumbani, hoteli za Moshi wiki ile bei inapanda kila mtu anajua, chumba chako kipo ila kaka yako kajaza magunia ya mahindi tutayasogeza. Mi nimeshajiandikisha 21 yangu, kwahiyo we ukimaliza 5 yako utakua na muda wa kutosha kurudi kuniwekea maji ya kuoga na kupasha mtori, na ole wako nikute umelala. Hela ya kujiandikisha usiniombe, una mshahara.

Mama yako