Lengelenge kisiginoni na Kilimanjaro wiki tatu zijazo: nipasue au niache?

Mkuu, usilipasue. Umesema buti mpya zimekutoa lengelenge kisiginoni, lina ukubwa wa punje ya harage na halikuumi sana ukivaa ndala. Basi lioshe kwa sabuni, lifunike kwa plasta, hizo buti mpya ziweke pembeni mpaka kisigino kipone. Ile ngozi ya juu ndiyo bandeji yako. Ukiibandua umebaki na kidonda.

Nimebeba mizigo mlimani miaka minne, sisi wanatuita wagumu. Safari ya kwanza, njia ya Marangu, nilivaa buti za mtumba kutoka soko la Memorial, Moshi, zimenizidi namba moja. Kutoka kambi ya Mandara mvua ikatunyeshea, soksi za pamba zikalowa chapachapa. Kisigino kikaanza kuchoma. Nikaona aibu kusimama, wenzangu wanapita na mizigo kichwani. Kufika kambi ya Horombo, mita 3,720, navua soksi inakuja na ngozi. Mmoja akanipaka dawa ya meno (msijaribu, nililia mbele za watu). Kurudi Moshi nina usaha na mtoki umevimba kinenani, nikaishia kumeza antibiotiki na kukosa safari iliyofuata.

Tatizo si kusuguliwa kwa nje tu. Ngozi ya juu inanata kwenye soksi, huku mfupa ndani unakwenda mbele na nyuma kila hatua. Tabaka za ngozi zinavutana mpaka zinaachana, maji yanajaa katikati. Ngozi yenye unyevunyevu inanata zaidi, ndiyo maana mvua na jasho vinatumaliza.

Likiwa kubwa na huwezi hata kukanyaga, hapo ndipo unalitoboa. Nawa mikono, tumia sindano safi iliyopitishwa kwenye spiriti, toboa pembeni kwa chini, kamua taratibu, ngozi iache palepale, funika na ubadilishe bandeji kila siku. Mwenye kisukari asijitoboe, aende hospitali. Na yeyote akiona usaha, wekundu unaosambaa au homa, naye aende.

Kisigino kikishapona, vaa hizo buti nyumbani kwanza, kisha sokoni, kisha matembezi marefu, na soksi zilezile utakazopandia. Tafuta za sufu au za nailoni, pamba inatunza maji. Mlimani, pakianza tu kuchoma, simama hapohapo, vua, kausha, bandika plasta ya karatasi. Guide atakusubiri, ndiyo kazi yake.

Wageni wengi wanaogopa kupanda, kumbe vidole vinaumia kwenye kushuka, vinagonga mbele ya buti masaa mazima. Kata kucha siku mbili tatu kabla, na kabla ya kushuka kaza kamba za juu kwenye kifundo ili mguu usiteleze. Ndala ziwe kwenye begi unalobeba mwenyewe. Ukimpa mgumu, utakuja kukutana nazo kambini jioni.